Jina na Mwenye Jina: Habari za Madaftari ya Mpakani

Mtu afikaye Busia kwa mara ya kwanza, akitokea Kisumu, huona barabara moja, soko moja na watu wa sura moja, kisha huambiwa kwamba hatua chache mbele yake kuna nchi nyingine. Busia ni mbili, ya Kenya na ya Uganda. Malaba, iliyo upande wa kaskazini, nayo ni mbili vilevile. Mto Sio na mto Malaba hushika sehemu za mpaka huo, lakini mahali pengi mpaka hauonekani kwa macho. Ng'ombe huuvuka akifuata majani, na mtoto huuvuka akifuata mpira. Mtu mzima peke yake ndiye asimamishwaye na kuulizwa: "Wewe ni nani?"

Swali hili ni fupi, lakini jibu lake lina historia ndefu. Bawabu wa mlango hamjui kila apitaye, na asiyemjua mtu hana budi kuliuliza daftari. Tangu siku hiyo mtu huwa wawili: yule aliyesimama mlangoni kwa miguu yake, na yule aliyeandikwa. Wakipatana, mlango hufunguliwa. Wakikosana, huaminiwa yule aliyeandikwa. Katika insha hii nataka kueleza namna daftari lilivyopata kusema kwa niaba ya mtu katika nchi yetu, tangu siku za kipande mpaka siku hizi za kompyuta, ambapo bawabu huenda si askari tena bali ni programu iliyoandikwa na mtu asiyewahi kutuona.

Kabla ya daftari, ushahidi wa mtu ulikuwa watu. Mgeni aliyefika katika boma la Wasamia, la Wakhayo au la Wateso alijitaja kwa jina lake, kisha kwa jina la baba yake, kisha kwa ukoo wake, kisha kwa nchi atokako. Alianza na kilicho karibu akaishia na kilicho mbali, na mahali fulani katika msururu huo wenyeji walimkuta mtu wanayemfahamu. Hapo alipewa kigoda. Majina yenyewe yalibeba habari. Miongoni mwa Waluhya mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wafula akiwa wa kiume na Nafula akiwa wa kike. Miongoni mwa Wateso aliyezaliwa katika mvua hiyohiyo huitwa Okiru au Akiru. Majina ni tofauti, lakini mvua ni moja. Jambo hilo mwanakijiji alilijua bila kufundishwa, na karani hakulijua kabisa.

Mwaka wa 1902 serikali ya Uingereza iliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Reli ilikuwa imekwisha kufika ziwani Kisumu, na wakubwa walipenda njia yote iwe chini ya utawala mmoja. Kwa kalamu hiyo moja watu waliolala Uganda waliamka katika himaya nyingine, na wala hawakuhama hata hatua moja. Mstari ulioachwa baina ya nchi mbili ukawakata Wasamia na Wateso vipande viwili, ndugu huku na ndugu kule. Wakati huo hapakuwa na daftari la kusema nani ni wa wapi, na kwa hiyo mstari huo ulikuwa wa ramani zaidi kuliko wa maisha.

Daftari lilikuja kwa sababu ya kazi, wala si kwa sababu ya mpaka. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wenyeji, na baada ya Vita Kuu ya kwanza, kuanzia miaka ya 1919 na 1920, sheria hiyo ilianza kutumika. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuandikishwa na kupewa cheti kilichoitwa kipande. Ndani yake yaliandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la bwana aliyemwajiri, mshahara wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoiacha. Cheti kilitiwa katika kijaluba cha bati chenye kamba, na wengi walikivaa shingoni. Aliyekutwa bila kipande alitenda kosa mbele ya sheria.

Yafaa tuone jinsi kipande kilivyofanya kazi, maana humo mna mafunzo ya zamani yanayofaa kwa mambo mapya. Kipande hakikuwa mtu. Kilikuwa maelezo machache juu ya mtu, yaliyochaguliwa na mwenye haja ya maelezo hayo. Mwajiri hakutaka kujua kama mtu huyu ni fundi wa ngoma, au ni baba wa watoto saba, au ni mpatanishi wa ugomvi kijijini. Alitaka kujua ni nani, alifanya kazi wapi, na kwa mshahara gani. Tena kipande kilikuwa na hila moja kubwa. Mtu alipoacha kazi, ilimlazimu bwana wake kutia sahihi kwamba amemruhusu. Bwana akikataa, au akisahau, daftari liliendelea kusema kwamba mtu huyu yumo kazini, na popote alipokwenda alihesabiwa mtoro. Mwili wake ulikuwa umeondoka, lakini maandishi yake yalibaki nyuma, na maandishi ndiyo yaliyosadikiwa.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku na wenzake walipokusanya watu mjini Nairobi katika miaka ya 1921 na 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyapinga kwa nguvu. Thuku alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na wengi waliokusanyika kudai aachiliwe walipigwa risasi. Miaka mingi ilipita. Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa mataifa yote, si Waafrika peke yao, na kijaluba cha shingoni kikaanza kuaga. Hata hivyo wanawake walikuwa bado nje ya daftari. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, lakini ni mwaka 1978 sheria ilipobadilishwa ili mwanamke naye apate kitambulisho. Maana yake ni kwamba kwa miaka kama 60 serikali ilikuwa na daftari la watu lisilo na mama zetu ndani yake. Mama aliyelima, aliyeuza samaki sokoni, aliyevuka mpaka na kapu kichwani, kwa daftari hilo hakuwapo.

Wakati huohuo mpakani maisha yaliendelea. Tangu mwaka 1931 reli ilikuwa ikipita njia ya Malaba hadi Kampala. Huko Busia vijana walianza kuwabeba wasafiri na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Wakiita wateja walitumia neno la Kiingereza la mpaka, wakalirudia mara mbili, na hapo neno bodaboda likazaliwa, ambalo leo hutumika kote Afrika Mashariki kwa pikipiki ambazo hazijawahi kuuona mpaka. Vijana hao hawakuuliza vyeti. Walijua nyuso.

Kisha zilikuja siku za mashaka. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya Kenya, akiyataja yale mabadiliko ya 1902. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwezi wa Desemba 1987 askari wa nchi mbili walipigana Busia, na mpaka ukafungwa. Katika siku za namna hiyo swali la "Wewe ni nani?" hugeuka likawa "Wewe ni wa nani?", na mtu mwenye shangazi ng'ambo hutazamwa kwa jicho la shaka. Kwa miaka mingi vijana wa jamii za mipakani, pamoja na Wanubi na Wasomali wa Kenya, waliitwa mbele ya kamati za kuhojiwa kabla ya kupewa kitambulisho, hali vijana wa kwingine walikipata kwa cheti cha kuzaliwa tu. Daftari lilikuwa moja, lakini mlango wa kuingia ndani yake haukuwa mmoja.

Sasa tugeuke upande wa pili wa dunia, maana huko nako palikuwa na mabawabu na madaftari. Mwaka 1961 chuo kikuu cha MIT nchini Marekani kilionyesha kompyuta iliyoweza kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Fernando Corbató na wenzake waliona kwamba kila mtumiaji lazima awe na sehemu yake, na kila sehemu iwe na neno la siri. Maneno yote ya siri yaliwekwa katika faili moja. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja aliyetaka saa zaidi za kutumia mashine aliiamuru mashine ichapishe faili hilo, akapata maneno ya siri ya wenzake wote. Kwa hiyo umri wa neno la siri la kompyuta na umri wa wizi wake unakaribia kuwa mmoja.

Kompyuta zilipoongezeka, kila moja ikawa na daftari lake. Mfanyakazi mmoja aliandikwa mara kumi katika mashine kumi, akawa na maneno ya siri kumi, na siku aliyoacha kazi alifutwa katika mashine tatu akabaki katika saba. Ndipo wataalamu walipofikiri juu ya daftari moja kuu ambalo mashine zote zitaliuliza. Daftari hilo kwa Kiswahili huitwa saraka. Mwaka 1988 mashirika ya kimataifa ya mawasiliano na ya viwango yalitoa kanuni zake kwa jina la X.500. Kanuni hizo zilikuwa nzito kwa mashine ndogo, na mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Michigan kilitoa itifaki nyepesi iitwayo LDAP, ambayo toleo lake la tatu lilitangazwa mwaka 1997. Mwaka 2000 kampuni ya Microsoft ilitoa saraka yake iitwayo Active Directory, na maofisi mengi duniani yakaifuata. Leo mtumishi awashapo kompyuta ya ofisi asubuhi, mara nyingi kuna saraka ya namna hiyo nyuma ya ukuta inayoulizwa habari zake.

Katika saraka hiyo mtu hutajwa kwa namna itakayomchekesha mzee wa kijijini. Huanza jina lake, kisha idara yake, kisha shirika lake, na pengine nchi yake. Kutoka kilicho karibu hadi kilicho mbali, sawasawa na yule mgeni aliyejitaja bomani. Wataalamu walifikia kwa hesabu jambo ambalo wazee wetu walifikia kwa adabu.

Lakini hapa pana tofauti kubwa. Mgeni akihama ukoo kwa ndoa, au akibadili jina kwa sababu ya msiba, kijiji humjua kuwa ni yuleyule. Saraka humtaja kwa anwani, na anwani ikibadilika, asiyejua atadhani ni mtu mwingine. Kwa sababu hiyo saraka nzuri humpa kila mtu namba ndefu ya siri ya ndani, isiyotokana na jina wala idara, isiyobadilika maisha yake yote, na isiyopewa mtu mwingine hata akishaondoka. Jina ni la watu kuitana. Namba hiyo ni ya mashine kutokosea.

Programu ya tovuti hufanya nini basi? Mtu huandika jina lake na neno lake la siri. Programu iliyoandikwa vizuri hailiweki neno hilo popote. Hulichukua mpaka kwa saraka na kuuliza: je, huyu ndiye? Saraka hujibu ndiyo au siyo. Ikijibu ndiyo, programu hutengeneza ndani ya kumbukumbu yake kivuli cha mtu huyo: namba yake, jina lake la kuonyeshwa, na makundi aliyomo, kama vile walimu, wanafunzi au wahasibu. Tangu hapo kila mlango wa tovuti hukiuliza kivuli hicho, wala haumuulizi mtu. Kivuli kikisema ni mwalimu, hufunguliwa daftari la alama. Ni kipande kingine, kisicho na bati wala kamba.

Katika kazi hii ndogo ya kutengeneza kivuli pamejificha makosa makubwa. Katika kanuni za LDAP, mtu akipeleka jina bila neno lolote la siri, saraka nyingine huweza kujibu kwamba mambo ni sawa, kwa maana ya kwamba amepokelewa kama mpita njia asiyejulikana. Programu isiyo na uangalifu husikia "sawa" ikadhani mwenye jina amethibitishwa, ikamfungulia mlango. Kanuni zilizotolewa mwaka 2006 ziliwaonya waandishi wa programu juu ya hatari hiyo hasa. Tena katika utafutaji wa saraka alama ya nyota ina maana ya "yeyote". Programu ikiyapeleka maneno ya mgeni kwenye saraka bila kuyasafisha, mgeni aandikaye nyota mahali pa jina anakuwa kama mtu aliyemwambia bawabu, "Mimi ni yeyote," na bawabu akakubali.

Kuna pia kosa la majina. Django, ambayo ni zana mashuhuri ya kutengenezea tovuti, ilitolewa kwa watu wote mwaka 2005. Kivuli chake cha mtumiaji kilikuwa na nafasi mbili, ya jina la kwanza na ya jina la ukoo, kila moja isizidi herufi 30. Baadaye nafasi hizo ziliongezwa mpaka herufi 150. Aliyezitunga hakuwa na nia mbaya. Aliwafikiria watu aliowajua, kama karani wa kipande alivyowafikiria aliowajua. Lakini mtu wa Busia huweza kuwa na jina la ubatizo, jina la mvua, jina la babu na jina la mume. Akilazimishwa kuchagua mawili katika ofisi hii na mawili mengine katika ofisi ile, amekuwa watu wawili kabla hajafika mpakani.

Nilikuwa nikiyasoma mambo haya kama habari za mbali mpaka yalipoingia katika darasa langu. Mimi ni mkufunzi wa walimu. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, binti wa upande wa Malaba, mwenye bidii na utulivu. Alipoingia chuoni aliandikwa kwa majina ya cheti cha zamani, ambacho kilikuwa na kosa. Katika mwaka wake wa mwisho alikisahihisha cheti hicho kwa njia ya sheria, na majina yake yakabadilishwa katika daftari kuu. Siku chache baadaye alifungua tovuti ambamo alama za mazoezi ya kufundisha huwekwa. Neno lake la siri lilikubaliwa. Mlango ulifunguka, na ndani hapakuwa na kitu. Miaka miwili ya kazi yake haikuonekana. Tovuti ilimkaribisha kwa adabu kama mwanafunzi mgeni.

Nilimwandikia mhusika barua, nikaambiwa kwamba mashine haina kosa. Kwamba mtu mwenye majina hayo hajafanya mazoezi yoyote. Zilikuwa zimebaki wiki tatu orodha ya wahitimu ifungwe. Jambo la kutisha zaidi lilitokea katika wiki ya pili. Jina lake la zamani la kuingilia, kwa kuwa lilionekana kuwa wazi, lilipewa mwanafunzi mpya mwenye jina kama lile. Kijana huyo alipofungua tovuti alikuta alama za masomo ambayo hajawahi kuyafundisha. Kwa bahati njema alikuwa mwaminifu, akaja kwangu akasema, "Mwalimu, nimepewa kazi ya mtu."

Ndipo alipoletwa kijana mwandishi wa programu, mpole, aliyeketi mbele yetu na kuifungua kazi yake. Alitueleza kwamba tovuti iliwakumbuka watu kwa jina la kuingilia. Saraka ilikuwa ikimpa pia ile namba isiyobadilika, lakini aliyeitunga programu mwanzoni aliiacha, kwa sababu ni ndefu na haisomeki. Alifanya kazi usiku mmoja. Alirudisha alama kwa mwenyewe kwa kufuata namba, kisha akaibadili programu ili isimjue mtu kwa jina tena. Binti yule alihitimu pamoja na wenzake. Leo anafundisha, na darasa lake halijui kwamba nusura lisimpate.

Nimefikiri sana juu ya jibu lile kwamba mashine haina kosa. Ni jibu la zamani. Mtu wa kipande aliyenyimwa sahihi aliambiwa hivyohivyo: cheti kinasema uko kazini. Sababu ni tofauti, maana bwana yule alikuwa na choyo na mtunga programu huyu alikuwa na haraka tu. Lakini aliyeteseka aliteseka kwa namna moja. Alisimama mbele ya mlango akiwa hai, akashindwa na maandishi yake mwenyewe.

Huko mpakani nako madaftari yamekuwa yakikaribiana. Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki iliundwa kwa mkataba wa 1999, na tangu mwaka 2010 itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kwamba raia wao waweze kuvuka kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Mwaka huohuo Uganda ilianza uandikishaji mkubwa wa raia wake kwa ajili ya vitambulisho. Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua Busia kituo cha pamoja, ambapo msafiri hushughulikiwa na maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, badala ya kupanga foleni mara mbili. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, madereva wa malori walikwama Malaba kwa siku nyingi katika foleni ndefu sana, wakingoja matokeo ya vipimo. Nchi za Jumuiya zilikubaliana kutumia mfumo wa pamoja wa kompyuta, ili cheti cha dereva kilichotolewa na nchi moja kiaminiwe na nchi nyingine. Hilo lilikuwa somo la wazi: daftari lisiloaminiwa na jirani humfunga mtu barabarani hata akiwa mzima wa afya.

Lakini kadiri daftari linavyokuwa moja na kubwa, ndivyo kosa lake linavyokuwa kubwa. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilianza kuwaandikisha watu kwa ajili ya Huduma Namba, namba moja ya huduma zote. Nubian Rights Forum na wengine walikwenda mahakamani wakiuliza: itakuwaje kwa wale ambao hata kitambulisho cha kwanza hawajapewa? Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo usiendelee mpaka uwe na sheria ya kutosha ya kuusimamia, na ikakataza kukusanya chembe za urithi za watu. Oktoba 2021 mahakama ilibatilisha utoaji wa kadi zake, kwa kuwa hatari zake juu ya siri za watu hazikupimwa kwanza kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ilivyotaka. Katika siku za Thuku mtu aliyeuliza habari za daftari alijibiwa kwa bunduki. Katika siku zetu alijibiwa kwa hukumu iliyoandikwa. Hayo ni maendeleo, na tusiyadharau.

Vijana msomao kurasa hizi, wengine wenu mtakuwa makarani, maofisa wa forodha, walimu wenye orodha za wanafunzi, na wengine mtaandika programu. Ninyi nyote mtatengeneza vivuli vya watu. Kazi hiyo haiepukiki, maana hakuna lango la nchi, la benki au la tovuti linaloweza kumjua kila mtu kwa uso kama vijana wa baiskeli wa Busia. Basi mtengeneze kwa haki. Mchukue katika habari za mtu zile tu ambazo kazi inazihitaji. Neno lake la siri msilitunze. Mmfahamu kwa alama isiyobadilika, na jina lake mliandike kama yeye mwenyewe anavyoliandika, kwa urefu wake wote. Aondokapo, kivuli chake kiondoke siku hiyo, abadilikapo, kibadilike. Tena msisahau kuweka karibu na mlango mtu mwenye macho na masikio, ili siku maandishi yatakapomkana mwenye nayo, awepo wa kumsikiliza.

Yule kijana mwandishi wa programu alipokuwa akiaga, mwanafunzi wangu alimwuliza namba yake ndefu ya siri ni ipi, apate kuijua. Kijana alimjibu kwamba hana haja ya kuijua. Ni juu ya mashine kuikumbuka. "Wewe dada," alisema, "kazi yako ni kulijua jina lako tu."